Miaka Yangu na Maboksi Matupu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa rejista, vipande viwili vya chaki na watoto thelathini na wanane, nusu yao wakilia. Ilikuwa Kyuso, kaskazini mwa Kitui, mwezi wa Januari, jua likiwa limeshawaka kabla hatujamaliza wimbo wa kwanza. Darasa letu lilikuwa kanisa. Jumatatu hadi Ijumaa tulilitumia sisi, kisha Ijumaa jioni tulitoa vitu vyetu vyote nje ili washirika wapange viti vya Jumapili. Nasema "vitu vyetu vyote" kwa kujipa heshima tu. Tulikuwa na mkeka mmoja.

Chekechea yetu ilikuwa chini ya shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara, na bosi wangu alikuwa Mwalimu Mkuu wa shule hiyo. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, shati lake limepigwa pasi hata siku za vumbi. Alinifungulia mlango wa kanisa, akanionyesha watoto kama mtu anayeonyesha mbuzi wa kuchungwa.

"Mwalimu Kavata," akaniambia, "hawa ni wadogo. Kazi yako ni wakae, wanyamaze, wajue a-e-i-o-u. Mama zao wako shambani. Wasiumie, wasipotee. Hayo mengine tutaona."

Kisha akaenda zake, nami nikabaki na kilio.

Vijana mnaoanza kazi hii leo mnakuja na diploma. Sisi tulisomea kazi tukiwa ndani yake: muhula ukifungwa watoto wanaenda nyumbani, nasi tunaenda chuo wakati wa likizo. Huko ndiko nilikosikia kwanza neno ufaraguzi, yaani kutengeneza kifaa cha kufundishia kutokana na chochote ulicho nacho. Mkufunzi wetu alitufanya tushone wanasesere kwa soksi kuukuu na kutoboa vifuniko vya soda kutengeneza kayamba. Niliandika yote daftarini. Lakini, kusema kweli, niliyaona ni mambo ya kufaulia mtihani. Sikudhani mtoto wa Kyuso atanifundisha maana yake.

Ilitokea hivi. Wiki ya pili nilimwomba mwenye duka pale sokoni katoni ya sabuni, nipate pa kuwekea rejista na chaki. Wakati wa mapumziko niliiacha sakafuni nikaenda kuwatazamia watoto uji. Niliporudi, rejista yangu ilikuwa juu ya kiti, na ndani ya katoni alikuwa ameketi msichana mmoja wa miaka mitano, Mwikali, amekamata mfuniko wa sufuria kama usukani. Nyuma yake walisukuma wenzake wanne, jasho likiwatoka.

"Ndengu! Ndengu!" Mwikali alipaza sauti. "Tunaenda Mwingi! Nani bado hajapakiwa?"

Ulikuwa msimu wa kuvuna ndengu, yaani choroko, na kila siku malori yalipita mbele ya kanisa yakiwa yamejaa magunia. Mwikali alikuwa ameyaangalia vizuri. Alijua dereva anavyotoa kiwiko dirishani, anavyopunguza gia kwenye mchanga, anavyomgombeza mwenye gunia lisiloshonwa.

Sasa, palikuwa na mvulana aliyeitwa Kyalo. Tangu siku ya kwanza alikuwa ameushika mwimo wa mlango, analia, hataki kuingia wala kutoka. Siku hiyo aliuachilia mlango. Akatembea hadi kwenye lori, akasema, "Mimi ni gunia."

Wakampakia. Na jamani, alikuwa gunia. Alijikunja, akafumba macho, akanyamaza. Walimsukuma kuzunguka kanisa mara tatu, wakamshusha, wakampima kwa kamba, wakampakia tena. Hakutoa hata sauti. Jioni mama yake alipokuja kumchukua alimkuta hana machozi, akaniuliza kama ni mgonjwa.

Kutoka siku hiyo nilianza kuomba, na soko la Kyuso likanizoea. Nilikusanya katoni za sabuni na za majani chai, pakiti za unga, mikebe ya mafuta ya kupikia, trei za mayai, maboksi ya dawa ya meno, chupa za plastiki za soda, magunia ya nailoni. Tuligawa kanisa kuwa kona. Kona, kwa lugha ya kazi yetu, ni sehemu ya darasa iliyotengewa mchezo wa aina moja: kona ya duka, kona ya nyumbani, kona ya ujenzi. Wakati watoto wanacheza, mwalimu hukaa pembeni na daftari la uchunguzi, anaandika anachokiona: nani anaongoza, nani anaogopa, nani ameanza kuhesabu bila kuambiwa. Watu walioniona nimekaa walidhani nimepumzika. Ile ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, na ilinichosha kuliko ubao.

Mwalimu Mkuu alikuja siku moja akasimama mlangoni.

"Hii takataka yote ni ya nini, Mwalimu?"

"Ni vifaa, Mwalimu Mkuu."

"Vifaa." Alilitamka neno hilo polepole, kama mtu anayeonja uji kujua kama una chumvi. "Haya. Ijumaa vitoke kabla ya wazee wa kanisa kuja."

Akaniruhusu hivyo, nusunusu. Na mambo yalienda vizuri hadi muhula wa tatu, mvua zilipoanza, kupe wakawajia ng'ombe, na kila boma likanunua dawa ya kuwaogesha.

Nitaeleza jinsi kosa lilivyotokea, kwa sababu lilikuwa langu. Nilikuwa nimewazoeza watoto kuleta vitu tupu kutoka nyumbani. Kila Jumatatu nilisimama mlangoni, nafungua kila mfuko, naangalia. Jumatatu hiyo mama mmoja alinishika kwa maongezi kuhusu mtoto wake aliyekuwa na mapunye kichwani. Kyalo akapita na mfuko wake wa nailoni, akaniambia, "Mwalimu, nimeleta dawa ya hospitali." Nikamjibu bila kumtazama, "Weka pale konani."

Kona ya hospitali ilikuwa mpya. Wauguzi walikuwa wamepita wakichanja watoto, na tangu hapo kila mtu alitaka kuwa daktari. Daktari, bila shaka, alikuwa Mwikali, na kofia yake ilikuwa pakiti ya unga iliyokunjwa.

Niliendelea kuongea na yule mama. Baada ya muda nikasikia upande ule kumetulia. Nikageuka.

Kyalo alikuwa amelala chali juu ya gunia, mikono imenyooka, macho yamefumbwa. Kando ya midomo yake kulikuwa na povu jeupe. Na karibu na kichwa chake ilisimama chupa yenye picha ya ng'ombe.

Ile harufu ya dawa ya kupe nilishaijua nyumbani kwa baba yangu. Nilipiga magoti nikamwita. "Kyalo! Kyalo!" Hakufungua macho. Nilimtikisa. Kichwa kikaenda huku na huku kama cha mtoto asiye na mfupa. Nilimwambia yule mama abaki na wengine, nikambeba Kyalo, nikaikamata ile chupa, nikakimbia.

Kituo cha afya kilikuwa upande wa pili wa soko. Sikumbuki niliyempita. Nakumbuka kiatu kimoja kilinitoka, nakumbuka naomba kwa Kikamba, na nakumbuka uzito wake. Mtoto aliyelala huwa mzito, na huyu alikuwa mzito kuliko aliyelala. Nilijiambia: Kavata, umeua mtoto wa watu kwa makopo.

Afisa wa kliniki, ambaye sote tulimwita daktari, alikuwa kijana aliyetoka chuo hivi karibuni. Hakupiga kelele. Alimlaza Kyalo mezani, akaomba ile chupa, akanusa mdomo wa mtoto, akanusa povu, akasikiliza kifua. Kisha akajaribu kumfungua jicho kwa kidole. Akajaribu tena. Akanitazama.

"Mwalimu, huyu anabana macho."

"Nini?"

"Anayabana. Mtu aliyezirai habani."

Hapo ndipo Mwikali alipoingia anahema, matope hadi magotini, kofia yake ya unga bado kichwani. Alikuwa amenifuata mbio njia nzima. Akasogea mezani, akamwekea Kyalo mkono kwenye paji la uso.

"Kyalo, amka. Umepona."

Kyalo akafungua macho. "Nimepona?"

"Ndiyo. Enda nyumbani, usirudi tena."

Niliketi sakafuni. Povu lilikuwa la sabuni ya kipande. Mwikali alikuwa amempaka, akidai ni dawa ya mtu ambaye amekataa kumeza. Ile chupa hawakuwa wameifungua, kifuniko kiliwashinda. Nilimshika Kyalo mabega, nacheka huku nalia, nikamuuliza, "Mbona hukuamka nikikuita?"

Akanishangaa. "Wewe ni mwalimu. Daktari alikuwa hajasema."

Afisa wa kliniki naye alicheka, lakini hakumwachilia. Alimvua shati, akamwosha mikono na uso kwa sabuni na maji mengi, kisha akamwosha tena, akasema atabaki pale hadi alasiri akimwangalia. Halafu akaifungua ile chupa mwenyewe. Ndani mlikuwa na maji. Akayamimina kidogo kwenye beseni, akanusa, akakunja uso.

"Hii imeoshwa kwa maji matupu," akasema. "Sumu hii haitoki hivyo. Wangeifungua wakanywa, leo tungekuwa tunaongea mambo mengine. Nani aliweka maji humu?"



Kamati ya wazazi iliitishwa Ijumaa. Kanisa lilijaa. Baba yake Kyalo alisimama wa kwanza, na sikumlaumu kwa lolote alilosema.

"Mimi nilimleta mtoto asome," alisema. "Huyu mwalimu analea watoto wetu na takataka. Leo ni chupa, kesho ni nini? Atafutwe mwingine."

Mwalimu Mkuu alisema machache. Alisema alinionya, na kwamba yale maboksi yatachomwa kesho yake. Kisha mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, akanipa nafasi.

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya chuo kuhusu ukuaji wa mtoto. Niliposimama yaliniishia. Nilisema tu, "Mfuko ulipita mbele yangu nami sikuufungua. Kosa ni langu. Mkisema niende, nitaenda."

Nikaona mama yake Kyalo anasimama nyuma, karibu na dirisha, mtoto mchanga mgongoni. Mumewe akamgeukia kwa mshangao.

"Sema, mwaitu," mwenyekiti akamwambia. Mwaitu kwetu ni mama, na hata mzee humwita hivyo mwanamke kwa heshima.

"Hiyo chupa ilitoka kwangu," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi watu wainame. "Haikuwa jalalani. Ilikuwa rafuni. Mimi ndiye niliiosha, nikaweka maji. Ni ya kwenda nayo shambani." Akameza mate. "Tumekunywa nayo tangu tupande mbegu. Mtoto aliona picha ya ng'ombe akajua ni dawa. Mimi mkubwa sikuona."

Baba yake Kyalo akaketi polepole.

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwingine mwenye chupa kama hiyo nyumbani. Wanawake walitazama chini, wanaume wakatazama paa. Kisha mkono mmoja ukainuka, kisha mwingine. Mmoja alihifadhia mafuta ya taa, mwingine maziwa. Mzee mmoja mfuga nyuki akasimama, akavua kofia, akasema, "Yangu nimekuwa nikiwekea asali."

Mwalimu Mkuu, ambaye alinunua asali kwa mzee huyo kila mwezi, aliweka kalamu yake mezani.

Hakuna aliyekuwa amekufa. Mtu mmoja akasema tumbo la mtoto wake limekuwa likimsumbua tangu mvua zianze, mwingine akasema hata wake, na kikao cha kunifukuza kikageuka kikao cha watu wanaohesabu jinsi walivyoponea. Jumanne iliyofuata afisa wa mifugo alikuja na gari lake, akafundisha pale uwanjani, akazitoboa zile chupa mbele ya watu, akaondoka nazo. Zilijaa magunia. Nilizitazama zikienda, nikahisi kama mtu aliyepita kando ya nyoka kila siku bila kumwona, na leo ameonyeshwa shimo lake.

Nilibakishwa kazini. Lakini Mwalimu Mkuu alitimiza neno lake: Jumamosi aliyachoma yote nyuma ya choo, lori, duka, hospitali na kila kitu. Nami sikumpinga. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyenusurika, na furaha ya namna hiyo haina ujasiri. Watoto walirudi Jumatatu wakatafuta lori lao. Mwikali alizunguka kanisa akichungulia chini ya viti. Kisha wakaketi, wakanyamaza, wakasema a-e-i-o-u.

Tulikaa hivyo wiki nne. Kyalo alirudi kwenye mwimo wa mlango. Hakulia tena, alisimama tu pale.

Asubuhi moja Mwalimu Mkuu alivuka barabara akiwa amebeba katoni kubwa kifuani. Vumbi lilikuwa limemharibia shati. Akaiweka sakafuni mbele yangu.

"Ilikuwa ya vitabu," akasema. "Nimeifungua mwenyewe, nikaikung'uta, nikainusa. Haina kitu."

Alikuwa anawatazama watoto.

"Mimi ndiye nilikwambia wanyamaze," akasema. "Lakini huku kunyamaza sikupendi. Mwalimu, weka sheria, uzifuate. Nikikukuta hufuati, nachoma tena."

Niliweka sheria, na hadi nastaafu sijazivunja. Kitu kilichowahi kubeba dawa yoyote, ya mtu, ya ng'ombe au ya shamba, hakiingii, hata kikiwa kimeoshwa mara ngapi. Kila kitu kinapita mikononi mwangu, kinafunguliwa, kinanuswa. Kopo lenye makali linakunjwa kwa nyundo au linarudi. Plastiki inaoshwa kwa sabuni na kuanikwa juani. Mzazi akinijia na maongezi wakati wa kufungua mifuko, namwambia kwa upole, "Mama, ningoje kidogo." Hakuna hata mmoja aliyewahi kukasirika.

Niliolewa Mbooni, na baada ya miaka michache nikahamishiwa huko. Ukitoka Kyuso ukafika vilima vya Mbooni unadhani umevuka nchi. Asubuhi kuna ukungu, watoto wanakuja na sweta, na njia ni za kupanda hadi kifua kinauma. Takataka zenyewe ni tofauti: kreti za maparachichi, karatasi za kufungia matunda, mifuko ya mbolea, ambayo niliikataa mlangoni kila wiki.

Mwalimu Mkuu wa Mbooni alikuwa mama nadhifu sana aliyependa chekechea yake iwe ya kuonyeshwa wageni. Aliposikia napenda maboksi alifurahi, nami nikafurahi. Furaha zetu zilikuwa mbili tofauti. Mkaguzi wa shule alipokaribia kuja, alituita walimu tukajenga nyumba ya katoni: dirisha lenye pazia, paa lililopakwa rangi nyekundu, maua ya karatasi mlangoni. Ilikuwa nzuri kweli. Kisha akaizungushia kamba.

"Wasiguse," akaniambia. "Wakishagusa itaonekana aje?"

"Itaonekana imechezewa, Mwalimu Mkuu."

"Ndiyo hiyo sitaki."

Siku ya mkaguzi watoto walikaa nyuma ya kamba kama washirika kwenye mazishi. Mkaguzi, mwanamume mnene aliyekuwa amepanda kile kilima kwa miguu, aliitazama nyumba akaisifu. Nje manyunyu yakageuka mvua, na watoto wa darasa la pili, ambao chumba chao kilivuja, wakaingizwa kwetu ghafla. Palisongamana. Mtu akamsukuma mtu, kamba ikakatika, watoto watatu wakaangukia ile nyumba. Paa lilikunjika. Ukuta mmoja ukalala.

Mwalimu Mkuu alifunika mdomo kwa mkono.

Kutoka chini ya paa sauti ikasema, "Karibuni! Ingieni, mvua inanyesha!"

Wakaingia. Walipanga foleni kuingia kwenye ile nyumba iliyovunjika, wakajipangusa miguu mlangoni, wakapeana moto wa kuota ambao haukuwepo. Mkaguzi alichuchumaa kwa shida, akamuuliza msichana mmoja, "Na hii ni nini?"

"Ilikuwa nyumba ya walimu," akasema. "Sasa ni yetu."

Nilingojea kugombezwa. Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Alipoondoka, Mwalimu Mkuu alinisomea ripoti ofisini. Mkaguzi aliandika kwamba chekechea hii inawaacha watoto wacheze. Mwalimu Mkuu aliikunja ile karatasi, akavua viatu vyake vilivyolowa, akasema, "Mwalimu Kavata, hiyo kamba itupe mahali nisiione." Tukacheka hadi karani akaja kuuliza kama kuna jambo.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Kitui mjini, baada ya chekechea kuwekwa chini ya kaunti nasi tukapata barua za ajira. Barua hiyo niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Mjini nilikuta tatizo jipya. Mtaala mpya, ule wa umilisi, uliwataka watoto walete vifaa kutoka nyumbani, na wazazi wakaogopa. Mama mmoja kijana alinijia asubuhi amebeba katoni tatu mpya, bado zimebanwa bapa.

"Mwalimu, nimezipata kwa duka la jumla. Zingine sikupata. Mtoto atakosa maksi?"

"Zilikuwa na nini ndani?"

"Hazikuwa na kitu. Ni mpya."

Nilimkalisha. Nilimwambia mtoto hahitaji kununuliwa utupu. Akila mayai, trei ndiyo hiyo. Asipokula mayai, ataleta boksi la kiberiti, na boksi la kiberiti ni kitanda, ni gari, ni jeneza la panzi. Alipumua kama mtu aliyetua kuni. Akaniambia alidhani shule siku hizi ni ya wenye nacho. Tangu hapo nilianza kila muhula kwa kuwaambia wazazi wote maneno hayo, na kila muhula niliona mabega yakishuka ukumbini.

Nilistaafu mwaka jana. Vijana huniuliza kama naikosa kazi. Naikosa, lakini kitu kikubwa ninachohisi ni nafuu. Miaka yote hiyo, kila siku watoto walipotoka, nilihesabu vichwa getini, na kila siku hesabu ilikuwa sawa. Kuna mwalimu mwenye vyeti vingi kuliko mimi ambaye hawezi kusema hivyo, na si kwa kosa lake. Mimi niliponea mara moja kwa sababu kifuniko kilikuwa kigumu. Sikujipongeza kamwe, nilifungua mifuko.

Mkitaka ushauri, ninao mmoja. Mtoto akikukabidhi kitu tupu akakwambia kimejaa, usimcheke wala usimsahihishe. Pokea. Nimekunywa chai nyingi isiyokuwepo, na sikuiacha hata siku niliyokuwa na haraka.

Siku ya kuagwa kwangu alikuja afisa wa elimu ya awali, mkubwa wetu, ambaye kwa miaka nilimjua kwa sahihi yake tu. Alikuwa mtu wa suti na saa. Alikuja kusoma barua ya shukrani na kuondoka, kwani alikuwa na kikao kingine. Tulimpa kiti cha mbele. Kabla hajafungua bahasha, msichana mmoja wa darasa langu la mwisho, Ndanu, alitoka kwenye kona ya nyumbani akiwa ameshika kwa mikono miwili nusu ya boksi la maziwa. Alitembea taratibu sana, asimwage. Akasimama mbele ya suti.

"Chai yako," akasema.

Afisa alichungulia ndani. Alimtazama mwalimu kijana atakayenirithi, akanitazama mimi, na sikumsaidia.

"Asante," akasema mwishowe, akainua boksi kwenda mdomoni.

"Iko moto!" Ndanu akamzuia mkono. "Utaungua. Puliza kwanza."

Yule afisa aliweka bahasha yangu sakafuni, akalishika lile boksi kwa mikono yote miwili, akapuliza.